Unadaiwa Shilingi 0: namna ya kujua kilichobadilika kati ya toleo na toleo

Ijumaa ile nilikuwa nimetoka msikitini, nimenawa mikono, biriani iko mbele yangu, simu ikalia. Mwenye duka. Hakusalimu, jambo ambalo kwa mzee wa Mombasa ni dalili mbaya kuliko matusi. "Kijana, umeifanya nini kompyuta yangu? Watu wanapiga simu tangu asubuhi."

Duka lenyewe ni la vitambaa: leso, madera, shuka, mitandio. Wateja wengi ni kina mama wanaochukua mzigo leo na kulipa kidogo kidogo. Madeni yao yamo katika programu ndogo iliyoandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na kijana mmoja aliyekwenda zake Qatar zamani. Kila Ijumaa asubuhi programu hupitia orodha na kumtumia kila mwenye deni ujumbe wa simu. Alhamisi usiku nilikuwa nimeihamisha seva ya duka, yaani kompyuta inayoendesha programu hiyo, kutoka PHP 7.4 hadi 8.3. Nikafungua kurasa zote, moja baada ya nyingine, zote zikafunguka. Hapakuwa na kosa hata moja jekundu. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kulipokucha, kila mteja aliyekwisha kulipa deni lake lote akapata ujumbe huu: "Mpendwa mteja, unadaiwa shilingi 0. Tafadhali lipa mapema." Mama mmoja wa Kibokoni alipiga simu dukani, akamwambia kijana wa kaunta kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, hiyo sifuri niilete kwa mkono ama niitume kwa simu?"

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja:

if ($deni == "") continue;

Aliyeuandika alikusudia hivi: deni likiwa tupu, mruke huyu, nenda kwa mwingine. Deni lilipatikana kwa kutoa malipo kwenye jumla, kwa hiyo aliyemaliza kulipa alibaki na namba 0. Katika PHP 7, ukilinganisha namba na maandishi kwa alama mbili za sawa, maandishi ndiyo yaliyogeuzwa kuwa namba. Maandishi matupu yaligeuka 0, sifuri kwa sifuri ni sawa, mteja akarukwa. Kuanzia PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, kanuni iligeuzwa: maandishi yasiyo namba yanaachwa kama yalivyo, namba ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi. Herufi "0" na utupu si kitu kimoja, basi mteja harukwi tena. Wenye lugha walifanya vyema kuibadilisha, maana kwa kanuni ya zamani hata 0 na neno "embe" vilikuwa sawa.

Mstari ule haukuguswa na mtu kwa miaka. Uko vilevile, herufi kwa herufi. Sakafu iliyo chini yake ndiyo iliyosogea. Wala hakuna aliyeficha: habari hiyo imeandikwa wazi kwenye ukurasa rasmi wa kuhama kutoka PHP 7.4 kwenda 8.0, katika sehemu ya mabadiliko yasiyopatana na ya nyuma. Mimi nilikuwa nimesoma ukurasa wa 8.3 peke yake.

Yaani niliuliza swali la mnunuzi dukani: hii 8.3 ina nini kipya? Nilichotakiwa kuuliza ni nini kimebadilika tangu pale nilipokuwa nimesimama. Maswali hayo yanafanana kwa sauti, lakini majibu yake yamo kwenye kurasa tofauti, na la pili lina kazi zaidi.

Umesimama wapi?

Uliza ofisi yoyote mjini inatumia toleo gani la programu yake, utajibiwa "ile ya karibuni". Karibuni tangu lini? Hata sisi wa kazi hii tunajidanganya. Mtu anaandika php -v kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, anaona 8.1, anaandika 8.1 kwenye ripoti. Lakini PHP ya terminali na PHP inayohudumia tovuti zinaweza kuwa mbili tofauti kwenye mashine moja. Nimewahi kukuta seva ambayo terminali ilisema 8.1 huku tovuti ikiendeshwa na 7.2, na kila mtu ofisini alikuwa ameshaapa kwamba walihama. Iulize tovuti yenyewe, kwa ukurasa mdogo wenye phpinfo(), halafu ufute ukurasa huo mara moja, kwani unamwonyesha mpita njia mambo yasiyomhusu.

Kisha kuna vifurushi. Programu ya duka lile ina msimbo wake (maandishi ya programu) mdogo tu, lakini imebeba vifurushi vya watu wengine: cha kuchapa risiti, cha kutuma ujumbe, cha kupiga hesabu za tarehe. Kila kimoja nacho kimebeba vya kwake. Katika PHP msimamizi wa vifurushi hivi ni Composer, na huweka faili mbili ambazo watu huzichanganya. Ukimtuma mtoto Marikiti akuletee changu, na akikosa alete samaki anayefanana naye, hiyo ni composer.json: matakwa yako, yenye nafasi ya kuchagua. Composer.lock ni risiti anayorudi nayo: samaki gani hasa, wa meza ipi, wa saa ngapi. Amri ya composer install hufuata risiti. Composer update humtuma mtoto sokoni upya, na anaweza kurudi na samaki mwingine bila wewe kubadilisha neno katika matakwa yako.

Risiti hiyo ndiyo inayotakiwa kuhifadhiwa pamoja na msimbo ndani ya Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko. Ukiihifadhi, siku mambo yakiharibika unaandika git diff na kuona kwamba kifurushi fulani kilikuwa 3.1.4 wiki iliyopita na leo ni 3.2.0. Usipoihifadhi, utabaki kukisia. Wapo wanaoifuta kwa sababu ni ndefu na inawaletea migongano ya kuunganisha kazi. Nimegombana na wawili juu ya jambo hili na niko tayari kugombana na wa tatu.

Namba inaahidi nini

Nukta iliyo ndani ya namba ya toleo si nukta ya desimali. Ndiyo maana 2.10 huja baada ya 2.9, na haiko sawa na 2.1. Jambo dogo, lakini limenila nusu siku. Niliorodhesha matoleo ya vifurushi kwenye jedwali la kompyuta, jedwali likadhani ni namba za kawaida, likaifuta sifuri ya mwisho, 2.10 yangu ikawa 2.1, toleo la zamani mno. Siku hizi safu ya matoleo naipanga iwe ya maandishi kabla sijaandika chochote.

Kanuni inayofuatwa na wengi inaitwa Semantic Versioning, na mwandishi wake ni Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub. Namba ni tatu. Ya mwisho ikipanda, kasoro imerekebishwa. Ya kati ikipanda, kuna kilichoongezwa na vya zamani vinaendelea kama kawaida. Ya kwanza ikipanda, kuna cha zamani kilichovunjwa makusudi. Toleo linaloanza na 0, kama 0.7.2, halijaahidi kitu; kesho linaweza kugeuka lote.

Hiyo ni ahadi ya binadamu, na mara nyingi binadamu huyo ameiandika saa nane ya usiku baada ya kazi yake ya mchana. Anachokiita yeye kurekebisha kasoro kinaweza kuwa ndicho kitu programu yako ilichokiegemea. Mstari wetu wa deni uliegemea ukorofi wa lugha kwa miaka, na hakuna aliyejua.

Halafu si wote wanaoifuata kanuni hiyo. Namba ya Ubuntu 24.04, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa familia ya Linux, ni mwaka na mwezi, Aprili 2024, na namba hiyo haikuambii lolote kuhusu kilichovunjika. TeX, programu ya kupanga vitabu ya Donald Knuth, kila inaporekebishwa huongezewa tarakimu moja ya pai, na imefika 3.141592653. Mzee huyo ana raha zake.

Mtego mwingine uko kwenye alama za kuruhusu masafa. Ukiandika ^1.2 umeruhusu chochote kuanzia 1.2 hadi kabla ya 2.0, na hapo Composer na npm, ile ya watu wa JavaScript, wanaelewana. Lakini ~1.2 kwa Composer inafika hadi kabla ya 2.0, na kwa npm maandishi hayohayo yanaishia kabla ya 1.3. Anayefanya kazi pande zote mbili kwa siku moja, na wengi wetu ndivyo tulivyo, asiiamini kumbukumbu yake hapa.

Ngazi, na notisi

Kutoka 7.4 hadi 8.3 kuna ngazi nne: 8.0, 8.1, 8.2 na 8.3. PHP hutoa toleo jipya kila mwisho wa mwaka na kila ngazi ina ukurasa wake wa kuhama. Hakuna ukurasa mmoja wa kutoka 7.4 moja kwa moja hadi 8.3. Lifti haipo. Vifurushi vidogo navyo ni vivyo hivyo: maelezo ya toleo la 6 yanamzungumzisha mtu aliye kwenye la 5. Wewe uliye kwenye la 3 huna budi kusoma ya 4, ya 5 na ya 6, kwa mfuatano huo, kwa sababu kitu kinaweza kubadilishwa jina kwenye la 4 na kuondolewa kabisa kwenye la 6. Ukisoma la 6 tu utatafuta jina usilolijua na kudhani halikuhusu.

Kila ukurasa nausoma kwa kuanza na kilichovunjika, kisha kilichoondolewa, kisha kilichopewa notisi. Mapya nayaacha mwisho. Mara nyingi siyafikii.

Neno notisi nalitumia kwa maana ileile ya mpangaji. Mwenye nyumba hakutoi leo. Anakuandikia kwamba chumba atakihitaji, nawe unaendelea kulala humo na kupika humo hadi unasahau. Programu hufanya hivyo na vitu inavyokusudia kuviondoa. Mfano unaojulikana ni zile amri za zamani za kuzungumza na hifadhidata, familia ya mysql_query. PHP 5.5 ilizipa notisi mwaka 2013, PHP 7.0 ikaziondoa Desemba 2015. Miaka miwili na zaidi, na bado kuna waliolia kwamba vyombo vyao vimetupwa nje ghafla.

Notisi haiharibu kitu siku inapotolewa, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Huandikwa kwenye faili la kumbukumbu za seva ambalo hakuna anayelifungua. Baada ya mkasa wa sifuri nililifungua la duka. Nikakuta mamia ya mistari inayosema utf8_encode imepewa notisi. Hiyo ni amri ya kugeuza herufi, ilipewa notisi na PHP 8.2, na programu yetu huitumia katika kila risiti inayochapwa. Leo risiti zinatoka vizuri. Siku itakapoondolewa, duka halitachapa hata moja.

Ukisoma, soma nini

Kifurushi chenye malezi mazuri kina faili liitwalo CHANGELOG, daftari la mabadiliko. Zuri hutenganisha yaliyoongezwa, yaliyobadilika, yaliyopewa notisi, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa na ya usalama, chini ya kila toleo na tarehe yake. Baya linasema "marekebisho mbalimbali na maboresho", kama zile programu za simu zinavyotuambia kila wiki. Tangazo la toleo ni kitu kingine tena. Hilo limeandikwa kukuvutia, na linaweza kuwa la kweli tupu na bado likanyamazia kile kinachokuhusu wewe.

Daftari likikosekana, historia ya Git haikosekani. Waandishi wengi hubandika kila toleo alama, na ukiwa nazo mbili unaweza kuuliza yaliyopita katikati:

git log --oneline v2.3.0..v2.6.1

Utapata orodha, mstari mmoja kwa kila badiliko. Inaweza kuwa mistari mia nne, na hakuna mwenye akili timamu atakayeisoma yote. Ninachofanya ni hiki. Kwanza natafuta katika msimbo wangu ni amri zipi za kifurushi hicho ninazoziita. Mara nyingi ni tatu au nne tu kati ya mamia. Nazifuata hizo peke yake. Pili, na hili sikufundishwa na mtu, naangalia folda ya majaribio, vile vipimo ambavyo mwandishi hutumia kuhakiki msimbo wake:

git diff v2.3.0 v2.6.1 -- tests

Jaribio jipya ni kitu cha kawaida. Jaribio la zamani lililobadilishwa jibu ni habari kubwa. Jana jaribio lilisema ukitia hiki utatoa 5, leo linasema utatoa 6. Mwandishi amekiri kwa mkono wake kwamba tabia imegeuka, hata kama daftari lake linayaita marekebisho madogo. Nimekamata mambo mengi zaidi kwa njia hii kuliko kwa kusoma matangazo.

Bodi ya zamani, breki mpya

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba namba kubwa ni mpya na namba ndogo ni kuukuu. Kwenye seva za Ubuntu na za Debian, mfumo mwenzake wa Linux, hesabu hiyo inavunjika.

Julai 2024 ilitangazwa kasoro mbaya ya usalama katika OpenSSH, programu ambayo karibu kila seva ya Linux huitumia kumwingiza msimamizi wake kutoka mbali. Waliogundua ni kampuni ya Qualys, wakaiita regreSSHion, kwa sababu ilikuwa kasoro iliyorudi. Ilikwisha kurekebishwa mwaka 2006. Kisha Oktoba 2020 katika kupanga upya msimbo, kinga yake ikaondolewa kwa bahati mbaya, na matoleo kuanzia 8.5p1 yakatoka bila hiyo kinga. Dawa ilikuja na toleo la 9.8.

Wiki chache baadaye mteja wangu mmoja akaletewa ripoti ya ukaguzi: seva yako ina OpenSSH 9.2, iko hatarini, panda hadi 9.8. Seva ilikuwa Debian 12. Nikamwonyesha namba kamili:

1:9.2p1-2+deb12u3

Herufi zilizo kushoto kabisa, 1 na nukta mbili, ni za Debian kupanga foleni pale namba za zamani zilipowahi kuvurugika. 9.2p1 ni toleo la wenyewe OpenSSH. Ile -2 ni mara ya pili Debian walipolifunga furushi. Na deb12u3 ni sasisho la tatu kwa ajili ya Debian 12. Dawa ya kasoro ile imo ndani ya hilo la tatu. Debian walichukua marekebisho peke yake, wakayatia kwenye toleo la zamani, bila kugusa mengine, ili seva za watu zisibadilike tabia. Ni kama gari la matatu lenye bodi ileile ya mwaka wake, lakini limefungwa breki mpya juzi. Mkaguzi alitazama mwaka wa bodi akaandika faini.

Habari ya breki husomwa kwa amri ya apt changelog na jina la kifurushi, nawe utaona tarehe, namba ya kasoro na kilichofanywa. Kuna pia kifaa kiitwacho apt-listchanges kinachokuonyesha mabadiliko hayo kabla ya kusakinisha. Mkaguzi aliipokea karatasi yangu, akanung'unika, akafuta mstari.

Kuna mahali ambapo hata kusoma kote huku hakukutoshi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia nusu sekunde hiyo hadi akakuta mlango wa siri ndani ya xz, kifurushi cha kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Ujanja wake ulikuwa hapa: kipande cha kuuwasha mlango huo hakikuwa kwenye historia ya Git. Kilikuwa kwenye furushi la kupakua tu. Ungelinganisha alama na alama kama nilivyoeleza hapo juu usingekiona. Nalitaja ili asije mtu akadhani amri mbili za Git zinamaliza kazi. Kwa kasoro za bahati mbaya, ambazo ndizo nyingi, zinanifaa sana.

Kwa duka la vitambaa, mstari ule niliurekebisha Ijumaa ileile, biriani imeshapoa: sasa unauliza kama deni ni chini ya 0 au sawa na 0, namba kwa namba, bila maandishi kuingilia. Kisha nikasoma kurasa za 8.0, 8.1 na 8.2 kwa mfuatano, kazi ya saa tatu, na nikakuta mistari mingine miwili iliyokuwa ikingoja siku yake. Programu yenyewe haikuwa na daftari la mabadiliko, basi nikaianzishia. Mstari wake wa kwanza unasema: "Wenye deni la 0 hawatumiwi ujumbe tena."

Mama wa Kibokoni alikuja dukani Jumatatu, akasema amekuja kulipa. Mzee, aliyekuwa bado hajanisamehe, alicheka kwa mara ya kwanza. Akamchapia risiti ya shilingi 0, jina lake na tarehe, na mama akataka ipigwe muhuri.